H. G. Wells: Mtunzi wa Kanuni za Vita vya Sakafuni

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa Afrika, malenga wa Lamu na Mombasa na viongozi waliopigania uhuru wetu. Mimi leo nimeonelea niwaletee maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki zamani. Jina lake limo katika maktaba nyingi, lakini kazi yake moja haitajwi sana. Mtu huyo ni Herbert George Wells, anayejulikana kote kama H. G. Wells.

Sababu ya kumchagua ni hii. Wengi wetu hapa shuleni tunapenda sana hadithi za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine. Wengine wameanza kukata askari wa kadibodi na kufinyanga viumbe wa udongo, kisha saa ya chakula cha mchana wanavipiganisha vikosi hivyo juu ya madawati. Shida ni kwamba vita hivyo huishia kwa mabishano tu. Huyu atasema askari wake amevaa nguo isiyopenya risasi, na yule atasema bunduki yake ni ya miali inayopenya kila kitu. Si mnajua mwamba ngoma ngozi huivutia kwake? Mwisho kengele inalia na hakuna aliyeshinda. Swali linabaki pale pale: tuchague kanuni gani?

Nilipokuwa nikitafuta jibu, niligundua jambo la ajabu. Bwana aliyeandika hadithi maarufu kabisa ya viumbe kutoka sayari ya Mirihi ndiye huyo huyo aliyepiga magoti sakafuni, mtu mzima na masharubu yake, akatunga kanuni za vita vya askari wa kuchezea. Basi tegeni masikio niwasimulie.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, jimbo la Kent, nchini Uingereza. Kwao hakukuwa na mali. Baba yake, Joseph, alikuwa mtunza bustani kabla ya kufungua kiduka cha vyombo vya udongo na kaure. Biashara yenyewe ilikuwa ya kusuasua tu. Kilichosaidia kutia kitu chunguni ni mchezo wa kriketi, kwa sababu Mzee Joseph alikuwa mrushaji mpira hodari aliyelipwa kwa kucheza. Mwaka wa 1862, akiichezea Kent dhidi ya Sussex, aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Mama yake, Sarah, alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za matajiri kabla ya kuolewa.

Mwaka wa 1874, Wells akiwa mtoto wa miaka saba, alivunjika mguu. Alilazwa kitandani kwa majuma kadhaa, na baba yake akawa anamletea vitabu kutoka maktaba ya mji. Hapo ndipo mapenzi ya kusoma yalipomwingia na kumtawala. Ama kweli, baada ya dhiki faraja. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1877, baba naye alivunjika mguu. Kriketi ikaisha, na pesa zake zikaisha. Umaskini ulipiga hodi ukaingia bila kungoja kukaribishwa.

Mwaka wa 1880 mama alirudi kazini, akawa msimamizi wa jumba kubwa liitwalo Uppark katika jimbo la Sussex. Mtoto naye alipelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa. La kwanza lilimshinda. Akajaribu kufundisha kidogo, akajaribu duka la dawa, kisha akapelekwa kwenye duka jingine la vitambaa huko Southsea. Huko alifanya kazi saa 13 kwa siku na kulala katika bweni pamoja na vijana wenzake. Kwa miaka miwili alikunja na kukunjua vitambaa huku moyo wake ukiwa vitabuni.

Mwaka wa 1883 uvumilivu ulimwishia. Siku moja alitoka Southsea akaenda kwa miguu kama maili 17 hadi Uppark kumweleza mama yake kwamba hawezi tena. Hebu fikirini, wakati huo alikuwa na miaka 16, umri wangu mimi ninayeandika haya. Wale wenzangu tunaotembea asubuhi na jioni kuja shule hii ya kutwa tunajua maili hata tatu zinavyochosha. Yeye alitembea 17 ili aombe ruhusa ya kusoma. Mwalimu mkuu wa shule ya Midhurst, Bwana Horace Byatt, alimpokea awe mwanafunzi na papo hapo awafundishe wadogo. Kijana alijifunga kibwebwe. Mwaka uliofuata, 1884, alipata ufadhili wa kusomea sayansi huko South Kensington, London, ambako mwalimu wake wa biolojia alikuwa Profesa Thomas Henry Huxley, mtetezi mkubwa wa nadharia ya Charles Darwin. Posho yake ilikuwa ndogo mno, hata ikawa anakonda kwa njaa.

Msidhani kutoka hapo mambo yalikuwa mteremko. Mwaka wa 1887 alianguka mtihani wa jiolojia akaondoka bila shahada. Alikwenda kufundisha Wales, na huko akaumizwa figo katika mchezo wa kandanda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijisomea mwenyewe na mwaka wa 1890 akapata shahada ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1893 alitapika damu, na afya yake ikawa haiwezi tena kazi ya kusimama darasani. Ndipo aliposhika kalamu iwe jembe lake.

Katika ndoa sitamwita malaika. Alimwoa binamu yake Isabel mwaka wa 1891, wakaachana, na mwaka wa 1895 akamwoa Amy Catherine Robbins ambaye yeye alimwita Jane. Jane naye alivumilia mengi, kwani mumewe hakuwa mwaminifu.

Mwaka huo huo wa 1895 kilitoka kitabu chake The Time Machine, hadithi ya mtu aliyeunda mashine ya kusafiria katika wakati. Kisha vikafuatana kama siafu: The Island of Doctor Moreau mwaka wa 1896, The Invisible Man mwaka wa 1897, The War of the Worlds mwaka wa 1898 na The First Men in the Moon mwaka wa 1901. Ukisoma hadithi ya kisayansi leo, iwe ya safari ya wakati, mtu asiyeonekana au uvamizi kutoka anga za juu, jua kwamba Wells alipita njia hiyo mapema.

Hebu nikae kidogo kwenye The War of the Worlds. Viumbe wa Mirihi wanatua karibu na mji wa Woking, mahali ambapo Wells mwenyewe aliishi na kuendesha baiskeli yake. Wanatembea ndani ya mashine ndefu zenye miguu mitatu na kuteketeza watu kwa miali ya joto. Mizinga ya Uingereza inafua dafu mara moja moja tu. Mwisho wavamizi wanauawa na viini vidogo vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Katika sura ya kwanza Wells anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa kisiwa cha Tasmania. Yaani aliwaambia Waingereza wajaribu kukaa upande wa wanaovamiwa, waone utamu wake. Kumbukeni kilikuwa kipindi gani. Kitabu kilipotoka, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilikuwa ikisonga bara, na watu wa kwetu walikuwa wakitazama wageni wenye mashine na silaha wasizozijua. Kwao haikuwa hadithi ya kubuni.

Sasa tuje kwenye sakafu. Wells na Jane walijaliwa wana wawili, George Philip aliyezaliwa mwaka wa 1901 na Frank Richard aliyezaliwa mwaka wa 1903. Familia iliishi Sandgate, pwani ya Kent, katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Baba alipenda kucheza na wanawe sakafuni wakijenga visiwa na miji kwa vibao, na mwaka wa 1911 alitoa kitabu juu ya michezo hiyo, kiitwacho Floor Games. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1913, kikaja kile ninachotaka tukijue, Little Wars, yaani Vita Vidogo. Kwenye jina lake refu anakitoa kwa wavulana wa kuanzia miaka 12 hadi wazee wa miaka 150, na pia kwa wasichana wenye akili wapendao michezo ya wavulana. Dada zetu, mmesikia? Nafasi yenu iko, ingawa mzee aliisema kwa majivuno ya zama zake.

Chanzo cha mchezo kilikuwa kidogo tu. Wakati huo askari wa risasi, maana yangu ile madini ya risasi, walikuwa wakiuzwa kwa wingi Uingereza, hasa tangu kampuni ya William Britain ilipobuni mwaka wa 1893 njia ya kuwatengeneza wakiwa wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Kulikuwa pia na mizinga midogo ya springi iliyofyatua kijiti cha mbao chenye urefu kama wa inchi moja. Mzinga huo uliweza kumwangusha askari umbali wa yadi 9. Siku moja rafiki yake Wells, ambaye inaaminika ni mwandishi Jerome K. Jerome, alikuja kula chakula cha mchana. Baada ya kula alianza kuwalenga askari kwa mzinga wa watoto, akasifia shabaha yake na kumtolea mwenyeji changamoto. Wazee wawili wakawa chini kwenye zulia. Vitabu vinene vya ensaiklopidia vikawa milima na majumba.

Kulenga peke yake kulichosha upesi, na hapo ndipo kazi ya kanuni ilipoanza. Mimi naona hii ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi, kwa sababu Wells hakushuka na kanuni zilizokamilika kama amri kutoka mlimani. Walicheza, wakagundua ubaya fulani, wakarekebisha, wakacheza tena.

Kwanza ilikuwa mwendo. Wakakubaliana kwamba askari wa miguu atasogea futi 1 kwa zamu na askari wa farasi futi 2. Pili ilikuwa mizinga. Kama mzinga unapiga wenyewe tu, basi mtu ataucha peke yake nyuma na utatawala nchi nzima. Wakaamua kwamba mzinga hauwezi kupiga wala kusogezwa mpaka uwe na askari wasiopungua wanne karibu yake. Sasa ukitaka kuunyamazisha, huna haja ya kuuvunja. Waangushe wale wanaoulinda. Kanuni moja fupi ikazaa hila nyingi.

Tatu ilikuwa muda. Kuna mchezaji ambaye akipewa zamu atatafakari hadi jua lizame. Wakaweka saa: dakika 1 ya kusogeza kwa kila askari 30 na dakika 1 kwa kila mzinga. Mwenye askari 60 na mizinga 2 anapata dakika 4, zikiisha zamu imekwisha, hata kama wengine hawajasogea. Nne ilikuwa siri. Wachezaji wakiona mwenzao anavyopanga jeshi, wa mwisho kupanga ana faida. Wakatundika pazia katikati ya uwanja, kila mmoja akapanga lake, kisha pazia likaondolewa.

Tano, na hii ndiyo kubwa, ilikuwa mapigano ya ana kwa ana. Vikosi viwili vikikutana, nani afe? Mwanzoni walirusha sarafu juu. Lakini bahati ina kichaa chake; mwenye sarafu nzuri angeweza kufuta kikosi cha mwenzake aliyepanga kwa akili. Wells akaitupa bahati nje kabisa. Akatunga hesabu. Vikosi sawa huuana mtu kwa mtu. Visipokuwa sawa, tofauti ya idadi ndiyo inayokuwa idadi ya mateka. Kwa mfano, watu 11 wakikutana na watu 9, tofauti ni 2. Wawili wa upande mdogo wanatekwa, saba wanakufa kila upande, na mshindi anabaki na wanne wanaolinda mateka wawili. Piga hesabu uone kama haitimii.

Ndugu zangu, tazameni uzuri wake. Hakuna haja ya kubishana. Hakuna dadu. Na mtu anajifunza kwamba kwenda na wengi zaidi mahali panapofaa kunaokoa watu wako. Kwetu tunalo jambo kama hili. Tazama wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda nje ya duka. Hakuna bahati pale, ni akili tu, na mjinga haponi. Kisha tazama ludo, ambapo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumshinda profesa kwa bahati ya dadu tu. Michezo yote miwili ni mitamu, ila ni lazima ujue umechagua upi. Wells alichagua drafti, isipokuwa pale mzinga unapofyatuliwa, ambapo shabaha ya mkono ndiyo inayoamua.

Na bado kuna jambo lililonishangaza. Katika kanuni zake askari wa kawaida hapigi bunduki hata kidogo. Ni mizinga tu inayopiga kutoka mbali. Je, hakujua kuwa bunduki zipo? Alijua vizuri. Huyu ndiye aliyeandika hadithi ya magari ya chuma ya vita mwaka wa 1903, kabla kifaru halisi hakijaonekana vitani mwaka wa 1916. Lakini alielewa kwamba ukiingiza kila kitu katika kanuni, mchezo unazama. Mwenye kutunga kanuni lazima awe na ujasiri wa kuacha.

Wells aliwahi kucheza na maafisa wa kijeshi wa kweli, na akaandika kwamba kila mmoja wao alijikwaa haraka hata katika kanuni rahisi. Mtu angedhani anawacheka tu, lakini kulikuwa na uchungu ndani yake. Kama hawa wanachanganyikiwa na askari mia wa kuchezea, itakuwaje wakipewa watu milioni wenye damu? Mwishoni mwa kitabu anageuka na kusema waziwazi kwa maneno yake kwamba vita vya kweli ni upumbavu uliozidi kipimo, na kwamba wanaovitamani wangefungiwa mahali wakapewa askari wa risasi wa kutosha wapigane humo mpaka wachoke.

Hiyo ilikuwa 1913. Mwaka mmoja tu baadaye, mwezi wa Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vililipuka. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mwezi huo huo Wajerumani waliiteka Taveta yetu, na mwezi wa Novemba watu waliuana Tanga. Wazee wetu walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo na risasi za vita visivyokuwa vyao, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi na la Kariakoo kule Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wapagazi. Ukipita pale na matatu kesho, kumbuka kwamba walioanguka hawakurudishwa kwenye sanduku jioni ili wacheze tena asubuhi.

Je, Wells alishikilia msimamo wake? Hapa sitamficha. Vita vilipoanza yeye mwenyewe aliviunga mkono, akaandika kwamba vitakuwa vita vya kukomesha vita vyote. Havikukomesha. Baadaye alitumia miaka mingi kuandika na kusema kwamba dunia inahitaji kanuni za pamoja. Mwaka wa 1920 alitoa The Outline of History, historia ya wanadamu wote pamoja badala ya taifa moja moja, nayo ikasomwa na watu wengi sana. Alikutana na Lenin mwaka wa 1920, na mwaka wa 1934 akazungumza na Roosevelt na Stalin. Mwaka huo wa 1934, akiwa yeye mwenyewe anaugua kisukari, alishirikiana na Daktari R. D. Lawrence kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza. Mwaka wa 1940 aliandika juu ya haki za binadamu, na mawazo ya namna hiyo yalikuja kuandikwa katika Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka wa 1948, ingawa hakuishi kuliona.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, kijana Mmarekani aitwaye Orson Welles, ambaye hawakuwa jamaa, aliigiza The War of the Worlds kwenye redio kana kwamba ni habari za kweli, na baadhi ya wasikilizaji wakaingiwa na hofu kwamba nchi imevamiwa. Lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa ya kweli. Katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1914, Wells alikuwa amebuni silaha aliyoiita bomu la atomiki. Mwezi wa Agosti 1945 mabomu ya jina hilo yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Mzee alikuwa hai akayasikia. Alifariki tarehe 13 Agosti 1946 nyumbani kwake London, akiwa na miaka 79.

Mchezo wake haukufa. Watu wengine waliendelea kutunga kanuni, wengi wakairudisha dadu aliyoifukuza. Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wa mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka wa 1974, aliandika dibaji ya toleo jipya la Little Wars lililotoka mwaka wa 2004. Mwaka wa 1987 Waingereza walitoa Warhammer 40,000, vita vya anga za juu vyenye ulimwengu wake maalumu na askari wake maalumu wa kununua. Jambo la ajabu ni kwamba Wells mwenyewe, baba wa pande zote mbili, hakuwahi kuandika kanuni za kuwapiganisha watu wa Mirihi sakafuni. Kazi hiyo ametuachia sisi.

Basi wenzangu wa kadibodi na udongo, tuchague vipi? Kutokana na maisha yake nimeona mambo matano. La kwanza, kanuni zisifungwe na aina ya askari. Za Wells zilijua watu wa aina tatu tu, wa miguu, wa farasi na wa mzinga, kwa hiyo askari wa kampuni yoyote aliingia. Nasi tuseme mwenda kwa miguu, mwenye chombo na mwenye silaha nzito. Ukitaka awe roboti, awe kiumbe wa Mirihi au mlinzi wa mwezini, shauri yako, atapimwa kwa rula ile ile. La pili, ziingie katika ukurasa mmoja wa daftari, maana saa ya chakula cha mchana ni fupi. La tatu, tuamue kabla ya vita kama tunataka dadu au hatutaki. Mimi ningependekeza kizibo cha soda kifyatuliwe kwa kidole badala ya mzinga wa springi. Kikimgusa askari ameanguka, hakuna cha nguo ya chuma wala miali. La nne, vikosi vyetu viwe vidogo, watu kumi hivi kila upande. Hapo hesabu ya 11 kwa 9 inatosha kabisa, na kila askari anayepotea anahuzunisha. La tano, kanuni ikionekana mbovu, isibadilishwe katikati ya mapigano na yule anayeshindwa. Imalizwe vita, kisha wote wakae waibadilishe kwa kukubaliana.

Hilo la tano ndilo naliona kubwa kuliko yote. Wells aliona sakafuni kwamba watu wawili wanaotaka kushindana vikali wanaweza kupatana kwanza juu ya kanuni, na ndiyo maana baada ya vita wanakunywa chai pamoja. Nje ya sakafu, mataifa makubwa ya wakati wake yalishindwa kufanya hivyo mara mbili katika uhai wake. Mtoto wa muuza vyombo aliyetembea maili 17 kutafuta elimu hakuweza kuyazuia. Lakini alituonyesha pa kuanzia, na pa kuanzia ni padogo: futi moja, zamu moja, neno moja mliloafikiana. Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tukiweza kushinda bila kiburi na kushindwa bila kupindua meza, tutakuwa tumejifunza kitu ambacho majenerali wengi hawakukijua.

Nawatakia nyote masomo mema na vita vya amani. Kwaherini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu